Kambi kwenye majabali ya bahari: raha yake, na homa niliyosahau kuitaja

"Daktari, ni wewe uliyemtuma mwanangu baharini?"

Swali hilo niliulizwa Jumamosi moja asubuhi na mama mmoja mkazi wa Kibera, akiwa amesimama mlangoni mwa zahanati yangu hapa Kawangware. Nyuma yake vijana wawili walikuwa wamemshika mwanawe huku na huku. Macho ya kijana yalikuwa ya manjano, midomo imekauka, na nilipomwita jina lake alinitazama kama mtu asiyenijua. Ilhali siku kumi tu kabla ya hapo alikuwa ameketi kitini mwangu akicheka na kunionyesha picha za bahari kwenye simu yake.

Msomaji mpendwa, wiki hii nataka tuzungumze juu ya jambo ambalo huenda ukadhani si la ukurasa wa afya: kupiga kambi kwenye pwani ya miamba, mbali na hoteli na umeme. Vijana wengi wa Nairobi siku hizi wanalipenda, wakiwemo wa Kibera na Kawangware. Nina sababu za kulisifu, na nina kosa langu mwenyewe la kukusimulia.

MWILI USIOJUA USIKU

Kijana huyo ana umri wa miaka 26 na ni fundi wa kuchomelea vyuma hapa Kawangware. Alikuwa amenijia miezi mitatu kabla, akilalamika kwamba kisogo kinamuuma kila jioni, moyo unamdunda bila sababu, na usingizi umemtoroka. Nilimpima. Shinikizo la damu lilikuwa 146 kwa 92, ambalo ni juu kwa mtu wa umri wake. Damu, mkojo na macho havikuwa na kasoro.

Nikamwuliza analala wapi. Akaniambia kwamba wanalala watu wanne katika chumba kimoja cha mabati. Jirani wa kushoto ana baa ndogo inayofungwa saa nane za usiku, na jirani wa kulia huamka saa tisa kuchoma mandazi. Juu yao kuna ile taa kubwa ya mlingoti ambayo wakazi huiita mulikamwizi. Taa hiyo imesaidia usalama, hilo hatulikatai, lakini mwanga wake hupenya kila tundu la msumari hadi alfajiri. Mchana kutwa kijana yuko mbele ya moto wa kuchomelea na kelele za nyundo.

Sikumwandikia vidonge vya usingizi. Vidonge hivyo huzoeleka upesi, na mtu akiishavizoea huwa na magonjwa mawili badala ya moja. Nilimwambia apunguze chumvi, chai ya rangi ya usiku na sigara. Ndipo akaniuliza, kwa haya kidogo: "Daktari, chama chetu kina vijana kumi na wanne. Tumeweka akiba miezi minane twende tukapige kambi Vuma, kule Kilifi. Wenzangu wengine wanasema ni kupoteza pesa. Wewe waonaje?"

Nikamjibu, "Nenda, kijana wangu. Ukirudi nitakupima tena."

Hayo ndiyo niliyosema. Sikutaja mbu hata kwa neno moja.

KWA NINI MAJABALI?

Mtu wa bara akisikia pwani hufikiria mchanga mweupe na watalii chini ya miavuli. Vuma si hivyo. Ni majabali yaliyo karibu na mji wa kale wa Takaungu, kati ya Mombasa na Kilifi. Mwamba wake ni wa matumbawe yaliyokuwa hai chini ya bahari zaidi ya miaka laki moja iliyopita, wakati maji yalipokuwa juu kuliko leo. Maji yalipotelemka, matumbawe yakabaki nchi kavu yakawa jiwe lenye makali kama msumeno. Juu yake kuna nyasi, na hapo ndipo mahema husimamishwa. Chini, mawimbi ya Bahari ya Hindi hugonga mwamba mchana na usiku, na maji hurukia juu kama mvua.

Nilitaka kujua kwa nini vijana waliokulia kwenye msongamano waifuate taabu hiyo: kubeba maji, kulala chini, kupikia kuni. Walinijibu kwa namna nyingi, lakini msichana mmoja mshonaji wa Kibera alinipa jibu ambalo sijalisahau. Alisema kwamba kwao, ukinyoosha mkono unagusa ukuta wa mtu mwingine, na ukiongea kwa sauti ya kawaida jirani anakujibu. Kule, kwa mara ya kwanza maishani mwake, alitazama mbele na jicho lake halikukuta kizuizi. Na katika hoteli za ufuoni, akaongeza, mtu kama yeye huulizwa na bawabu anatafuta nini. Mwamba haumwulizi mtu swali hilo.

Jambo hili lina historia yake. Jina Kibera latokana na neno la Kinubi, kibra, lenye maana ya msitu. Askari wa Kinubi wa jeshi la King's African Rifles walipopewa mahali hapo mwanzoni mwa karne ya 20, palikuwa ni miti mitupu. Bwawa la Nairobi, lililo kando ya Kibera, lilitengenezwa mwaka wa 1953, na kuna wakati watu waliendesha mashua za tanga juu ya maji yake. Leo limefunikwa na magugu na maji taka. Kwa hiyo wanaosema kwamba watu wa mitaa hii hawana haja ya maji na miti wamesahau walikoanzia wenyeji wake.

SAYANSI YASEMAJE?

Kijana alirudi Jumapili baada ya kulala huko usiku nne. Jumatano akaja nikampima. Shinikizo la damu lilikuwa 128 kwa 80. Alisema usiku wa kwanza aliogopa giza na kishindo cha mawimbi. Usiku wa pili alilala saa tatu akaamka na jua, jambo ambalo halijamtokea tangu utotoni.

Sitaki nikudanganye, msomaji, kwamba kipimo kimoja kinathibitisha lolote. Shinikizo la damu hupanda na kushuka, na kijana huyo pia alikuwa amepunguza sigara. Lakini habari ya usingizi ina msingi wa kisayansi. Ndani ya ubongo mna saa inayoendeshwa na mwanga. Giza likiingia, mwili hutoa homoni iitwayo melatonini inayouandaa kulala. Mwanga wa taa usiku huichelewesha. Mwaka wa 2013, Kenneth Wright na wenzake wa Chuo Kikuu cha Colorado, Marekani, walitoa matokeo ya utafiti ambapo watu wanane walipiga kambi milimani kwa wiki moja bila taa wala simu, wakitumia jua na moto wa kuni tu. Saa ya ndani ya miili yao ilirudi nyuma kwa muda wa saa mbili hivi, ikafuatana na kuchwa na kucha kwa jua.

Kelele nazo si jambo la kuzoeleka kama tunavyodhani. Masikio hayalali. Kila kishindo cha usiku humwaga homoni za mshtuko katika damu, moyo ukaenda mbio hata kama hukuamka. Ndiyo maana mwaka wa 2009 ofisi ya Ulaya ya Shirika la Afya Duniani ilipendekeza kwamba kelele za usiku nje ya nyumba zisizidi desibeli 40, yaani kiasi cha mazungumzo ya chini sana. Utauliza, je, mawimbi si kelele? Ni kelele, lakini huja kwa mwendo mmoja usiobadilika, na ubongo hauoni hatari ndani yake. Si sawa na chupa kuvunjika au mtu kupiga ukwenzi.

Hata hivyo, usiku nne hauondoi shida za mwaka mzima. Kijana alirudi kwenye chumba kilekile, baa ileile na taa ileile. Kambi si dawa. Alichopata ni kuujua mwili wake ukiwa umepumzika, na aliporudi alitundika shuka nzito mahali mwanga ulipokuwa ukipenya na kuanza kuzima simu saa tatu za usiku. Hayo ndiyo yaliyobaki, na si haba.

HOMA ILIYOCHUKULIWA KUWA MAFUA

Siku sita baada ya kunitembelea, kijana alianza kutetemeka. Siku hiyo wenzake wakasema ni mafua, akameza vidonge vya maumivu. Siku ya pili alipimwa homa ya matumbo mahali fulani, akaambiwa anayo, akapewa dawa. Hakuna aliyemwuliza, "Umesafiri?" Naye hakusema, maana hakuona uhusiano. Siku ya nne akaanza kuweweseka usiku, na alfajiri mama yake akawaita majirani.

Nilimtoboa kidole nikampima malaria kwa kipimo cha haraka. Jibu lilionekana kabla ya dakika kumi na tano kwisha. Malaria ilikuwa imeshafika kwenye ubongo. Nilimdunga sindano ya kwanza ya artesuneti na kumpeleka hospitali kubwa kwa teksi. Alilazwa siku sita. Alipona, lakini angechelewa usiku mmoja zaidi sijui kama ningekuwa naandika makala haya.

Mama yake aliponiuliza swali lile mlangoni, sikuwa na la kujitetea. Nilimwambia, "Ndiyo, mama. Mimi nilimruhusu, na sikumwonya." Nayaandika haya gazetini ili wewe uonywe mapema.

Kuna mambo matatu ambayo mkazi wa Nairobi hana budi kuyajua.

Kwanza, Nairobi iko juu, kiasi cha mita 1,700 kutoka usawa wa bahari, na baridi yake hairuhusu malaria kuenea kwa wingi. Aliyekulia hapa hana kinga nayo. Kilifi na pwani yote mna malaria. Mbu mmoja wa usiku mmoja anatosha.

Pili, wengi wa Kibera na Kawangware wana asili ya Nyanza na Magharibi, nao husema, "Sisi malaria tumeizoea." Wazazi wako huenda waliizoea. Kinga hiyo hupatikana kwa kuumwa mara kwa mara, nayo hupungua ukiishi mbali na ugonjwa kwa miaka. Huirithi kwa jina la ukoo.

Tatu, malaria haikuumi siku ileile unapoumwa na mbu. Huchukua siku saba hadi kumi na nne, na pengine zaidi. Utakuwa umesharudi kazini na kusahau safari. Kwa hiyo, homa yoyote ndani ya miezi mitatu baada ya kurudi kutoka pwani au ziwani ni malaria hadi kipimo kikatae. Mwambie daktari wako, hata kama hakukuuliza: "Nilikuwa pwani." Kipimo kikisema huna na homa ikaendelea, rudi kesho yake upimwe tena. Ukipewa vidonge vya artemetha na lumefantrini, umeze dozi zote sita kwa siku tatu, pamoja na chakula, hata ukijisikia nafuu siku ya kwanza.

KABLA YA KUFUNGA MZIGO

Agosti iliyofuata chama kilipanga safari nyingine. Mara hii niliomba kwenda nao. Tulipanda gari la moshi hadi Mombasa, kisha matatu ya Kilifi. Mahema yetu mengi yalikuwa ya mtumba, yaliyonunuliwa Toi, nayo yalitufaa. Haya ndiyo niliyoyahimiza, na ndiyo ninayokuhimiza wewe:

Mbu. Nunua dawa ya kukinga malaria kwa ushauri wa daktari wiki moja au mbili kabla. Doksisaiklini, kwa mfano, huanza kumezwa siku moja au mbili kabla ya safari na kuendelea kila siku hadi wiki nne baada ya kurudi. Haiwafai wajawazito wala watoto wadogo. Hema lenye wavu usiotoboka ni sawa na chandarua, mradi mlango ufungwe kabla ya magharibi. Vaa mikono mirefu na soksi jioni, na ujipake dawa ya kufukuza mbu.

Maji. Juu ya mwamba hakuna bomba. Weka hesabu ya lita tano kwa kila mtu kwa siku, za kunywa na kupikia. Yasiyo na uhakika yachemshwe. Mtu akiharisha, mchanganyie lita moja ya maji safi na vijiko sita vya chai vya sukari na nusu kijiko cha chumvi, vijiko vikiwa vimesawazishwa, anywe kidogo kidogo.

Jua. Upepo wa bahari hudanganya. Unahisi ubaridi huku ngozi ikiungua. Kofia pana na shati ni lazima, na mwenye ngozi nyeusi asidhani ameepushwa.

Miguu. Usitembee peku. Jiwe la matumbawe hukata, na kidonda chake huoza upesi. Kioshe kwa maji safi na sabuni, na kama miaka kumi imepita bila sindano ya pepopunda, ipate kabla ya safari. Ukidungwa na miiba ya samaki au ya wale viumbe weusi wa mviringo walio kwenye miamba, tumbukiza mguu katika maji ya moto unayoweza kuyavumilia, kwa nusu saa hadi saa moja na nusu. Sumu ya samaki wengi wa aina hiyo hupunguzwa nguvu na joto. Mwombe mwenzako ayapime kwanza kwa mkono wake, maana mguu wenye ganzi hauhisi kuungua. Kisha tafuta matibabu.

Wagonjwa wa kudumu. Mwenye pumu abebe dawa yake ya kuvuta mfukoni na si ndani ya begi. Mwenye shinikizo la damu au kisukari asiache dawa kwa kuwa "anapumzika". Mjamzito na mwenye selimundu wasiende bila kuonana na daktari, kwa sababu malaria huwaumiza zaidi.

BAHARI HAINA URAFIKI

Jioni ya kwanza tulitembelewa na mzee mmoja mvuvi wa Takaungu. Vijana wakamwamkia, "Shikamoo, mzee." Akaitika, akaketi, akatazama mahema yetu.

"Wanangu," alisema, "hilo la mwisho lisogezeni. Leo ni bamvua."

Watu wa bara hatukuelewa. Akatufafanulia kwamba maji hujaa na kupwa mara mbili kwa siku, na kwamba mwezi ukiandama au ukiwa mpevu, maji hujaa kupita siku nyingine. Hiyo ndiyo bamvua. Tofauti kati ya kupwa na kujaa kwenye pwani yetu hupita mita tatu, yaani zaidi ya kimo cha mlango wa nyumba. Aliyeshuka kuokota kome wakati wa kupwa anaweza kugeuka akakuta njia yake imemezwa. Isitoshe, ule ulikuwa msimu wa kusi, upepo mkali wa kutoka kusini, na mawimbi yalikuwa makubwa.

Tulilisogeza hema. Usiku wa manane maji ya wimbi yalirushwa juu ya mwamba yakalowesha nyasi palepale lilipokuwa.

Basi shika hili: msiogelee chini ya majabali, msipige picha ukingoni wakati maji yanajaa, wala msiende ukingoni usiku au mkiwa mmekunywa pombe. Aliyezoea kuogelea kwenye kidimbwi cha mjini asijilinganishe na bahari. Na kabla ya kusimamisha hema, mwulizeni mwenyeji. Yeye ndiye anayejua maji yanafika wapi.

KWA WASIO NA NAULI

Najua wapo wanaosoma haya wakisema, "Daktari, miezi minane ya akiba ni karo ya mtoto." Ni kweli. Utafiti uliotolewa Uingereza mwaka wa 2019, uliohusisha watu karibu 20,000, ulionyesha kwamba waliotumia angalau dakika 120 kwa wiki mahali penye miti, nyasi au maji walisema wana afya na furaha zaidi. Haikujalisha kama muda huo ulitumika kwa mara moja au kwa vipande vipande.

Saa mbili kwa wiki hazihitaji gari la moshi. Msitu wa Ngong uko jirani na Kibera. Nendeni kwa kundi na muulize walinzi njia zilizo salama. Msitu wa Karura, ambao marehemu Profesa Wangari Maathai na wenzake waliupigania mwishoni mwa miaka ya tisini usigawanywe viwanja, una ada ya kuingilia, lakini hautaki akiba ya miezi minane.

Narudi kwa mama yule. Kabla ya safari ya Agosti, kijana alimwomba ruhusa, ingawa kwa umri wake hakulazimika. Mama hakujibu. Usiku wa kuamkia safari alilitandaza hema katikati ya chumba chao, akaingia ndani na tochi, akalikagua wavu wote kidole kwa kidole. Alipata matundu mawili. Akayaziba kwa sindano na uzi, akalikunja hema, akamkabidhi mwanawe.

Sote kumi na watano tulirudi, na miezi mitatu ikapita bila hata mmoja wetu kupata homa.

Tukutane tena wiki ijayo, panapo majaliwa.